Kabla ya tyubu ya pili: chuchu inapobadilika

Mwanamke anaingia duka la dawa muhimu la mtaani, anasubiri wateja wawili waondoke, kisha anasema kwa sauti ya chini: "Nipe dawa ya kupaka, ya fangasi." Muuzaji anauliza fangasi za wapi. "Za mwilini tu." Anapewa tyubu, ile yenye mchanganyiko wa dawa tatu ndani yake, analipa na kuondoka. Muwasho wenyewe uko kwenye chuchu ya kushoto. Neno hilo halijatamkwa dukani, na pengine halijatamkwa hata nyumbani.

Sishangai. Tuna maneno mengi ya kulizunguka jambo hili: ziwa, kifua, "huku mbele", "sehemu ya kunyonyeshea". Ni adabu, na adabu si kosa. Lakini muuzaji aliyeambiwa "mwilini tu" hana namna ya kujua kwamba aliyesimama mbele yake alipaswa kuonwa na daktari. Mwenye tatizo naye hajui, kwa sababu mambo ya chuchu yamechanganyikana: mengi yanayotisha kwa macho hayana madhara yoyote, na machache yanayoonekana madogo ndiyo ya kuwahi.

Tuanze na yale yasiyo na shida, maana ndiyo mengi.

Chuchu haina tundu moja kama chupa ya mtoto. Ndani ya titi kuna tezi za maziwa zilizogawanyika katika mafungu 15 hadi 20 hivi, na mirija yake huja kufungukia kwenye ncha ya chuchu kwa vitundu kadhaa ambavyo jicho halivioni kirahisi. Likumbuke hili, litatufaa tukifika kwenye damu. Kuizunguka chuchu kuna duara la ngozi nyeusi zaidi, na juu ya duara hilo kuna vipele vidogo vinavyofanana na chunusi ambazo hazijaiva. Daktari William Montgomery wa Dublin aliviandika mwaka 1837 alipokuwa akieleza dalili za mimba, na hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Ni tezi za mafuta zinazolainisha ngozi ya hapo. Mimba ikiingia huvimba na kuonekana zaidi. Havina usaha wala "taka" ya kutoa, na anayevitumbua ndiye anayeviletea usaha.

Nywele chache kwenye ukingo wa duara ni kawaida kwa wanawake wengi, ila ni vile tu hakuna anayezitaja. Zikiwa nyingi, zikaandamana na ndevu na hedhi isiyo na mpangilio, hapo daktari ataangalia homoni. Titi moja kuwa kubwa kidogo kuliko jingine ni kawaida. Duara kupanuka na kuwa jeusi zaidi wakati wa ujauzito ni kawaida pia, na baada ya kuzaa hufifia ingawa mara nyingi halirudi kama la usichana. Wapo wenye chuchu ya ziada, ndogo, mahali fulani kwenye mstari unaotoka kwapani kushuka hadi kinenani. Wengi huishi nayo miaka yote wakidhani ni alama ya kuzaliwa.

Maswali matatu ya bafuni

Daktari anayejua kazi yake, kabla hajagusa chochote, atauliza mambo ambayo hata wewe unaweza kujiuliza ukiwa unaoga. Limeanza lini? Ni upande mmoja au yote mawili? Linatokea lenyewe, au mpaka uguse na kukamua?

Maswali haya yana mantiki nyuma yake. Homoni, mimba na dawa za kumeza huzunguka na damu mwili mzima, kwa hiyo zikigusa matiti huyagusa yote mawili. Kitu kinachoota mahali pamoja hugusa upande mmoja. Na jambo ulilokuwa nalo tangu kuvunja ungo limeshajieleza kwa kutobadilika kwake, ilhali lililoanza mwezi uliopita bado halijajieleza. Kuna mianya, kwa sababu maambukizi ya kawaida kwa anayenyonyesha nayo hukamata upande mmoja, lakini kwa sehemu kubwa maswali haya matatu huchuja vizuri.

Swali ambalo wengi tunalitegemea zaidi, yaani "linauma?", ndilo lenye msaada mdogo kuliko yote. Matiti yanayouma na kujaa siku chache kabla ya hedhi, kisha yakatulia damu ikianza, yanafuata tu mzunguko wa homoni. Saratani ya titi inapoanza, kwa kawaida haiumi. Wanawake wangapi wamekaa na jambo miezi minane kwa hoja kwamba "mbona haliniumi"? Wanasubiri maumivu yawape ruhusa ya kwenda hospitali.

Chuchu iliyozama

Baadhi ya wasichana huvunja ungo wakiwa na chuchu moja au zote mbili zimelala au zimeingia ndani, na hubaki hivyo. Ni maumbile. Mara nyingi zinaweza kuvutwa nje kwa vidole, na wengi wenye chuchu za namna hii hunyonyesha vizuri wakisaidiwa namna ya kumweka mtoto, kwa sababu mtoto hakamati chuchu peke yake, hukamata na sehemu kubwa ya duara. Kwa hiyo maneno ya "huyu hatanyonyesha" yangoje kwanza mtoto azaliwe.

Kinachohitaji kuangaliwa ni chuchu iliyokuwa imesimama maisha yote, sasa inazama upande mmoja na haivutiki tena. Sababu moja ni mirija kutanuka na kukakamaa kadiri umri unavyoelekea kukoma hedhi. Hapo chuchu huingia kwa mstari kama mpasuko, na huenda ukatoka uchafu mzito wa kijani. Hiyo si saratani. Sababu nyingine ni uvimbe ulio nyuma ya chuchu unaoivuta kama uzi unavyovuta kitambaa, na hapo ngozi ya jirani huweza kuonyesha kibonyeo mwanamke akiinua mikono. Kwa macho hakuna anayeweza kutenganisha sababu hizi mbili kwa uhakika. Lazima ipimwe.

Majimaji, maziwa na damu

Mwanamke aliyewahi kuzaa akikamua chuchu kwa nguvu, mara nyingi atapata tone la kitu fulani: la maziwa, la njano, la kijani. Likitoka kwa kukamuliwa tu, kwenye matiti yote mawili, kupitia vitundu vingi, kwa kawaida si ugonjwa. Tatizo ni kwamba akishaliona huanza kulikagua kila asubuhi, na kukamua kwenyewe huufanya mwili uendelee kutengeneza. Ukiacha kukamua, mara nyingi hukauka. (Hata kwa watoto wachanga ni vivyo hivyo. Homoni za mama huweza kuvimbisha vititi vya mtoto siku za kwanza na kutoa tone la maziwa, na wapo nyanya na mabibi wanaovikamua "visije vikaoza". Viachwe. Hunywea vyenyewe, na kuvikamua ndiko huleta jipu.)

Maziwa kutoka matiti yote mawili kwa mwanamke asiye na mimba wala hanyonyeshi ni habari nyingine. Homoni inayoamuru maziwa inaitwa prolaktini, nayo hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kuna dawa zinazoipandisha: metoklopramidi ya kuzuia kutapika, domperidoni, methyldopa wanayopewa wajawazito wenye presha, na dawa kadhaa za magonjwa ya akili kama haloperidoli na risperidoni. Tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu huweza kuipandisha pia. Mara chache ni uvimbe mdogo kwenye ile tezi ya ubongoni, na hapo mwanamke aghalabu huwa amekosa hedhi, pengine anaumwa kichwa au haoni vizuri pembeni. Kwa hiyo ukienda hospitali na tatizo hili, beba dawa zako zote kwenye mfuko. Usiache dawa ya presha au ya akili kwa uamuzi wako mwenyewe, nyingine zina mbadala na daktari atakubadilishia.

Sasa damu. Hii ndiyo humkimbiza mtu, na inastahili. Ila hata hapa kuna daraja. Mjamzito wa miezi ya mwisho, au aliyejifungua siku mbili tatu, anaweza kutoa maziwa yenye rangi ya kutu kutoka matiti yote mawili, kwa sababu mishipa midogo ya damu imeongezeka haraka. Huisha ndani ya siku chache, na mtoto anaweza kunyonya. Nje ya kipindi hicho, majimaji ya kuhofia ni yanayotoka yenyewe na kulowesha sidiria, upande mmoja, kwenye kitundu kimoja, yakiwa ya damu au maangavu kama maji. Hapa ndipo ile hesabu ya mirija inaposaidia: kitundu kimoja maana yake ni mrija mmoja, na mrija mmoja maana yake huenda kuna kitu ndani yake. Mara nyingi kitu hicho ni papiloma, kinyama kidogo kisicho saratani kinachoota ndani ya mrija na kuvuja damu. Mara chache ni saratani. Vyote viwili hupimwa kwa njia ile ile, kwa hiyo hakuna faida ya kukaa nyumbani ukibahatisha.

Ukurutu ambao si ukurutu

Turudi kwa yule dada wa dukani. Chuchu yake inawasha, ngozi inabanduka magamba, asubuhi anakuta imenata kwenye nguo. Inaweza kuwa pumu ya ngozi, sabuni mpya au dawa ya kufulia. Inaweza kuwa fangasi, hasa kama ananyonyesha na mtoto ana utando mweupe mdomoni. Inaweza kuwa upele ule wa kuambukizana, ambao kwa wanawake hupenda sana eneo la chuchu, na hapo watu wengine nyumbani nao watakuwa wanajikuna usiku.

Inaweza pia kuwa kitu alichokieleza daktari mpasuaji James Paget wa Hospitali ya St Bartholomew's, London, mwaka 1874. Aliandika juu ya wanawake 15 waliokuwa na kidonda kama ukurutu cha muda mrefu kwenye chuchu na duara lake. Kila mmoja wao alipata saratani ndani ya titi hilo hilo, wengi ndani ya mwaka mmoja, na hakuna aliyepita miaka miwili kabla ya kuipata. Leo tunajua kwamba kwa walio wengi saratani huwa ipo tayari ndani ya mirija, na ile ngozi inayobanduka ni chembe zake zilizofika juu. Ugonjwa wa Paget ni nadra, kati ya asilimia 1 na 4 ya saratani zote za matiti. Ubaya wake ni kujifananisha na jambo dogo, na nusu hivi ya wenye nao hawana hata uvimbe wa kushikika.

Kuna namna ya kuutilia shaka. Pumu ya ngozi kwa kawaida huanzia kwenye duara, mara nyingi huiacha chuchu yenyewe, na hupenda matiti yote mawili. Paget huanzia kwenye chuchu, kisha ndiyo hutambaa kwenda kwenye duara, na hukaa upande mmoja. Taratibu chuchu hulika, husawazika, huweza kutoa damu.

Na ile tyubu ya dawa tatu? Moja ya hizo tatu ni steroidi. Steroidi hutuliza muwasho na wekundu wa karibu kila kitu, hata wa Paget, kwa muda. Ngozi inapoa wiki mbili, dada anashukuru, muwasho unarudi, anarudi dukani, anapewa tyubu ya pili. Naiona hii ndiyo hatari kubwa kuliko ugonjwa wenyewe: dawa inayofanya kazi nusu humfunga mtu zaidi kuliko isiyofanya kazi kabisa. Ngozi ya chuchu ambayo haijapona baada ya wiki mbili tatu za dawa, au imepona ikarudi palepale upande uleule, haihitaji tyubu nyingine. Inahitaji daktari achukue kipande kidogo cha ngozi ya hapo, kwa ganzi, kipelekwe maabara.

Wekundu usioonekana mwekundu

Kwa anayenyonyesha, sababu kubwa ya chuchu kupasuka ni mtoto kukamata ncha tu. Mdomo ukiwa wazi vya kutosha na duara likaingia, mpasuko hupona ndani ya siku chache. Utasikia pia kwamba "mtoto amebeulia ziwa" ndiyo maana limevimba. Kinachotokea kwa kweli ni kwamba maziwa yametuama, na bakteria wamepita kwenye mpasuko. Titi linakuwa gumu upande mmoja, la moto, mama anatetemeka kwa homa. Aendelee kunyonyesha, apate antibiotiki, na kama pamekusanyika usaha utolewe na mtaalamu. Mama anayeishi na VVU mwenye mpasuko unaotoa damu au jipu awahi kliniki siku hiyo hiyo. Kwa kawaida hushauriwa kumnyonyesha mtoto upande mzima, na kulikamua na kumwaga maziwa ya lile lenye tatizo mpaka lipone.

Sasa, kuna saratani moja nadra inayokuja na sura hiyo hiyo. Titi zima linavimba ndani ya wiki chache, linakuwa zito na la moto, na mara nyingi hakuna uvimbe wa kushika. Ngozi inakuwa nene yenye vitundu kama ganda la chungwa. Machungwa ya Muheza ni ya kijani, lakini vitundu ni vile vile. Tofauti kubwa na maambukizi ni kwamba antibiotiki hailigusi. Titi lililovimba ambalo halijapoa baada ya dozi kamili, hasa kwa asiyenyonyesha, lisipewe dozi nyingine bila kipimo cha nyama, yaani kipande kidogo cha titi kupelekwa maabara. TB ya titi nayo ipo kwetu, ingawa si nyingi, na kipimo hicho hicho ndicho huifichua.

Vitabu vingi na picha za mitandaoni vinaeleza dalili hizi kwa neno "wekundu", na picha zenyewe ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona pameiva kuelekea zambarau au kahawia, pamekuwa peusi zaidi ya upande wa pili, au panang'aa kwa kujaa. Mgongo wa mkono utahisi joto kabla jicho halijaona rangi. Mwanamke anayesubiri aone wekundu kama wa kwenye picha anaweza kusubiri hadi mwisho.

Hospitali watafanya nini

Miaka ya nyuma tulifundishwa kujipima matiti kila mwezi kwa hatua maalumu, siku maalumu. Utafiti mkubwa uliofanyika Shanghai kwa wanawake zaidi ya 260,000 wa viwanda vya nguo, ambao matokeo yake ya mwisho yalitoka mwaka 2002, ulionyesha kwamba waliofundishwa zoezi hilo hawakupungukiwa na vifo, ila walifanyiwa vipimo vingi zaidi vya uvimbe usio na madhara. Hiyo haina maana usijiangalie. Zoezi la kalenda si la lazima, kuyafahamu matiti yako ni lazima. Ukijua yalivyo siku za kawaida, utalitambua jambo jipya bila chati ukutani.

Daktari ataangalia ukiwa umekaa na ukiwa umelala, atapapasa titi lote mpaka kwapani. Kwa msichana au mwanamke chini ya miaka 40, mara nyingi ultrasaundi ndiyo huanza, kwa sababu matiti ya umri huo yana tishu nzito na mamografia (picha ya eksirei ya matiti) hupata shida kuona ndani. Kwa wakubwa zaidi hufanywa vyote viwili. Kisha, kama kuna kitu, kuchukua kinyama kwa sindano kikapimwe maabara. Mamografia safi haifuti shaka ya ngozi ya chuchu: Paget huweza kuwepo picha ikiwa safi kabisa. Usiambiwe "umri wako bado" pia, maana katika nchi zetu idadi kubwa ya wanaogundulika wana chini ya miaka 50. Hata mwanamume mwenye chuchu inayozama au kutoa damu aende, kwani katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi mmoja hivi ni mwanamume.

Wapo wanaokimbia hatua ya kuchukuliwa kinyama kwa imani kwamba sindano huiamsha saratani ikasambaa. Imani hiyo imetokana na kuona jamaa waliofika hatua za mwisho wakichomwa sindano, kisha wakafariki. Ugonjwa ndio uliowahi, si sindano. Bila kinyama hakuna anayejua kama ni papiloma, TB au saratani, na kama ni saratani, ni dawa gani itaifaa. Katika hospitali nyingi ndugu ndiye anayekabidhiwa kile kichupa chenye kinyama ndani ya fomalini (dawa ya kukihifadhi) akipeleke maabara. Kipelekwe siku hiyo hiyo, na majibu yafuatiliwe. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya titi wa mwaka 2021, limeweka lengo la siku 60 kutoka mgonjwa anapofika hadi kupata jibu la uhakika. Kichupa kilichosahaulika dirishani hula siku hizo zote.

Anza na hospitali iliyo karibu. Ukipewa rufaa ya hospitali kubwa zinazotibu saratani, kama Ocean Road (Dar es Salaam), Bugando (Mwanza) au KCMC (Moshi), au Kenyatta kwa walio Nairobi, jina hilo lisikuogopeshe. Wengi huenda kupima tu.

Na ukifika, usianze kwa kusema "nina fangasi". Jina la ugonjwa mwachie daktari. Mwambie ulichokiona: "Chuchu ya kushoto. Ilianza mwezi wa tatu. Nimepaka hii, ikapoa kidogo, ikarudi." Mwonyeshe na tyubu yenyewe, hata kama imeisha. Kama unaona haya mbele ya daktari wa kiume, omba muuguzi wa kike awepo chumbani. Huombwa kila siku, hakuna atakayekushangaa.